Mkalimani Asimame Wapi? Mwongozo wa kupeleka kikundi cha viziwi kwenye mchezo wa jukwaani Bagamoyo

Safari yetu ya kwanza tulirudi na shingo zinauma. Tulifanya kila tulichodhani kinatakiwa: tulichanga, tukakodi gari, tukampata mkalimani wa lugha ya alama, tukafika mapema. Kule ukumbini, ambako sitakutaja na si hapa Bagamoyo, mkalimani akaonyeshwa pa kusimama: chini kabisa kwenye kona ya kulia, nyuma ya spika, na taa zote zimeelekezwa kwa waigizaji upande wa kushoto. Saa nzima na nusu tuligeuza vichwa kama watazamaji wa mpira wa meza. Ukimtazama mkalimani unalikosa kofi lililopigwa jukwaani, ukilitazama kofi unakosa sababu yake. Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, aliniambia ndani ya gari kwa alama tatu tu: hela, shingo, imetosha.

Mimi mwenyewe ni kiziwi. Niliacha kusikia nikiwa darasa la tatu, baada ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo Kiswahili cha kuandika kilinikuta kichwani tayari, na ndiyo maana kikundi kimenibebesha ukatibu. Haya ninayoyaandika ni kwa katibu mwenzangu, au kwa yeyote anayesikia na ana kikundi cha viziwi jirani yake. Shika jambo moja na mengine yatajipanga: anayesikia husikiliza kwa masikio huku anatazama kwa macho. Kiziwi husikiliza kwa macho na kutazama kwa macho yaleyale. Hana jozi ya akiba.

Kwanza, chagua mchezo

Bagamoyo tuna bahati ambayo miji mingi haina. Chuo cha Sanaa kilifunguliwa hapa mwaka 1981, na tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ile ambayo kila mtu anaiita TaSUBa. Wanafunzi wanasomea maigizo, ngoma, muziki na sarakasi, na mji mzima umezoea kuwaona wakifanya mazoezi. Kuna pia lile tamasha la kimataifa la kila mwaka, linalojaza nyumba za wageni hadi mtu analala sebuleni kwa shangazi yake.

Ushauri wangu: kwa mara ya kwanza usiende na kikundi wakati wa tamasha. Najua ndipo matangazo yalipo. Lakini siku ile jukwaa moja linapita vikundi vingi, ratiba inasogea, fundi wa taa hana muda hata wa kunywa maji, na hakuna mtu mmoja utakayekubaliana naye jambo likabaki limekubalika. Tafuta mchezo mmoja wenye mwongozaji mmoja. Onyesho la wanafunzi linafaa sana, kwa sababu mazoezi yake ni ya muda mrefu na unaweza kwenda kuketi pembeni kutazama.

Ukishapata mchezo, jiulize: je, maneno ndiyo yanayoubeba? Sarakasi haihitaji mkalimani, nendeni tu mkafurahi, hela yake wekeni. Ngoma nayo nusu yake mnaipata bure: ukikaa karibu na sakafu ya mbao na kuvua viatu, mdundo unapanda miguuni mpaka kifuani. Sakafu ya saruji haikupi kitu. Hapo mpe kila mtu puto lililopulizwa alishike kwa viganja viwili, ngozi yake hutetemeka na ngoma. Watoto hulipenda kupita kiasi, na wazee hujifanya hawalitaki kwa dakika kama tano hivi.

Mchezo wa maneno ndio unaotaka maandalizi. Wenye wahusika wawili au watatu wanaojibizana kwa zamu ni rahisi. Wenye familia nzima inayogombana kwa pamoja juu ya urithi wa shamba ni mgumu, kwa sababu mkalimani ana mikono miwili tu ya kuwasemea watu sita. Usiuchukue mwanzoni. Na kama kuna onyesho la saa 10 alasiri na jingine la saa 2 usiku, chukua la saa 10. Mwanga wa jua unasaidia, magari ya kurudi Zinga na Kerege bado yapo, na mama mwenye binti kiziwi wa miaka kumi na tisa atakuruhusu uondoke naye bila mjadala mrefu.

Pili, wakalimani, na ni wingi

Watafute kabla ya kutafuta gari. Sisi tunaanza wiki sita kabla. Kama hujui pa kuanzia, waulize Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, au walimu wa shule na vitengo vya viziwi. Wetu mara nyingi tunawatoa Dar es Salaam, kwa hiyo nauli ya kutoka Makumbusho na mahali pa kulala ni juu yetu.

Wawe wawili. Mkalimani mmoja akifika nusu saa, mikono inakuwa mizito na kichwa kinaanza kuruka sentensi. Yeye hataona, nyinyi mtaona. Wawili hupokezana, au, vizuri zaidi kwenye maigizo, hugawana wahusika: mmoja anambeba mama na binti, mwingine anambeba baba na wageni. Mtazamaji akiona nani anaashiria, tayari anajua nani anasema.

Uliza swali hili: umewahi kufasiri mchezo wa jukwaani? Mtu anaweza kuwa hodari mahakamani na hospitalini, au kwenye kile kijisanduku cha kona ya televisheni wakati wa taarifa ya habari, halafu jukwaani akasimama kama anasoma hotuba. Mchezo unataka uso, mabega, kasi. Mhusika akinong'ona, alama ziwe ndogo na karibu na kifua. Akifoka, zipanuke.

Kuna jambo ambalo wanaosikia hawalijui na wakalimani wachanga hulisahau. Viziwi wa Tanzania hatuashirii wote sawasawa. Shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata 1974, nyingine zikaja baadaye, na kila shule ilikuza alama zake mabwenini. Lugha ya Alama ya Tanzania ipo na vijana wanaijua, ila mzee wa miaka sitini atakuashiria cha shuleni kwake. Kisha wapo wasiosoma kabisa, wanaotumia alama za nyumbani ambazo wanazielewa wao, mama yao na jirani wa karibu. Kwenye kikundi chetu wapo wanne wa namna hiyo. Kwa hiyo mkalimani lazima aje akutane na watu kabla ya siku, hata kwa mchana mmoja, wanywe chai pamoja na azione alama zao. Wale wanne huwa tunawakalisha na kiziwi mwenzao anayewaelewa, awafafanulie kwa mkono mdogo, pajani, bila kuziba watu wa nyuma.

Na teua mshauri kiziwi. Huyu ni mwanachama anayejua kuashiria kwa ufasaha, anakwenda kwenye mazoezi na wakalimani, anawaambia: alama hii hatuielewi, hapa unakwenda mbio, hapa umemfanya mjane aonekane anacheka. Mlipe. Mkalimani anayesikia hawezi kujikagua mwenyewe, kama vile mimi nisivyoweza kujua sauti yangu ikoje ninapomwita muuza mihogo.

Usikubali jamaa wajitolee kufasiri. Hasa usikubali mtoto anayesikia wa wazazi viziwi kugeuzwa mkalimani wa shughuli. Mtoto wa miaka kumi amekuja kutazama mchezo, aachwe atazame.

Kuhusu mavazi, waambie mapema wakalimani: nguo ya rangi moja, inayotofautiana na rangi ya mikono yao. Kwa ngozi nyeusi, samawati au kijivu chepesi vinafaa. Nyeupe inawaka chini ya taa, nyeusi inameza vidole. Hapana kitenge chenye maua, hapana bangili. Mara moja dada mkalimani alitujia kutoka kwenye harusi akiwa na piko mpaka kwenye viwiko, maua mazuri mno. Kutoka safu ya tano hatukuviona vidole, tuliona bustani.

Tatu, mfuate mwongozaji

Usiishie kwa msimamizi wa ukumbi. Msimamizi ana viti na funguo. Mwongozaji ndiye anayeamua mwigizaji asimame wapi na taa izimwe lini. Mwandikie barua fupi, ipeleke mwenyewe, na uende na mtu anayesikia au karatasi na kalamu. Hii ndiyo tuliyoitumia mara ya mwisho:

"Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha viziwi wa Bagamoyo, watu 24. Tungependa kuja kutazama mchezo wenu kwenye onyesho la Jumamosi alasiri. Tutakuja na wakalimani wawili wa lugha ya alama, ambao gharama yao tunaibeba sisi. Tunaomba mambo manne. Tupewe skripti wiki nne kabla, nasi tunaahidi haitasambazwa. Wakalimani waruhusiwe kuhudhuria mazoezi mawili, likiwemo la mwisho lenye taa. Wakalimani wapewe mahali pa kusimama karibu na jukwaa, penye taa yao. Nasi tuwekewe viti vya upande huohuo. Tuko tayari kuja kuzungumza siku yoyote utakayopanga."

Basi. Nilijaribu mwanzoni kuanza na sheria, na nikaona watu wanakaza nyuso. Sheria ipo: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kabla yake Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009 na ambao ibara yake ya 30 inataja waziwazi maonyesho ya jukwaani. Iweke mfukoni. Mwongozaji akisema hapana bila sababu, itoe.

Wasiwasi wao wa kawaida ni kwamba mkalimani ataiba macho ya watazamaji wengine. Hawasemi hivyo, wanasema "tutaangalia". Jibu nililonalo ni hili: dakika tano za kwanza, ndiyo, kila mtu atamtazama. Kisha wanaosikia wanamzoea kama wanavyozoea nguzo. Na mwongozaji mwerevu akishauona uso wa mkalimani ukifanya kazi, huanza yeye mwenyewe kuuliza kama anaweza kumsogeza karibu zaidi.

Nne, skripti

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi hupita mbio.

Anzeni na majina ya wahusika. Kuandika jina kwa alfabeti ya vidole kila linapotajwa kunachosha mkono na jicho. Mpeni kila mhusika alama ya jina, kama tunavyopeana sisi kwa sisi: mwenye kovu shavuni, anayevuta kanzu, anayepiga miayo. Wakalimani na mshauri kiziwi wakae na waigizaji, wawatazame wanavyotembea, alama zitatoka zenyewe. Sisi tulikuwa na mhusika bahili ambaye mwigizaji wake alikuwa na tabia ya kugusa mfuko wa shati kila akizungumza. Jina likawa hilo, kugonga mfuko mara mbili. Alipotajwa jukwaani naye hayupo, safu nzima yetu ilicheka, na wanaosikia wakageuka kutaka kujua tumeona nini.

Halafu mpitie misemo, mstari kwa mstari. Mwaka mmoja katika mchezo mmoja ilikuja sentensi "Babu yule amekula chumvi nyingi." Mkalimani, mtu mzuri lakini aliyepewa skripti usiku wa kuamkia onyesho, akaashiria kula, chumvi, nyingi. Baada ya mchezo watu wangu watatu walikuja kuniuliza kama yule babu alikufa kwa presha. Walikuwa wameufuata mchezo mzima kwa hesabu hiyo, na ukiufikiria, presha ilikuwa inaeleza mambo mengi. Kosa halikuwa lao wala la mkalimani. Msemo kama huo unataka kuashiriwa maana yake: mzee, ameona mengi. Ipo mingine inayopita yenyewe bila kubadilishwa, maana ni picha tayari. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" kwa lugha ya alama ni mzuri kuliko kwa sauti: ufa unauona unapanuka hewani kati ya viganja. Mafumbo ya kimapwani na mashairi ya taarabu ndiyo magumu kuliko yote. Mkikuta wimbo, mwulizeni mwongozaji unafanya kazi gani pale. Kama ni kijembe kwa mke mwenza, kiashirieni kijembe, yale maua ya maneno myaache.

Jambo la tatu ni sauti zisizo maneno. Katika mchezo mmoja usiku wa wahusika uliisha kwa adhana ya alfajiri iliyopigwa kutoka nyuma ya pazia. Wanaosikia walijua kumekucha. Sisi tulimwona mwanamke ameketi, kisha anainuka ghafla na kuchukua ndoo, tukadhani kachanganyikiwa. Pigeni mstari chini ya kila sauti ndani ya skripti: mlango unagongwa, simu inaita, mtoto analia chumba cha pili, bunduki. Mkalimani aiashirie sauti na aonyeshe imetoka upande gani. Na mshtuko wa mwigizaji usitangulie alama.

Mwisho wa kazi hii, mwombe mwongozaji zawadi ndogo. Kicheko chetu huchelewa kidogo, kwa sababu alama hufuata neno. Waigizaji wakiruka kwenye sentensi inayofuata papo kwa papo, sisi tunapoteza mojawapo, kicheko au sentensi. Pumzi moja tu inatosha. Waigizaji wa vichekesho wanaielewa hoja hii kuliko mtu yeyote.

Tano, ukumbi

Nenda mchana, kisha nenda saa ileile ya onyesho.

Keti kwenye viti unavyovitaka. Mtu mmoja asimame atakapokuwa mkalimani na mwingine asimame katikati ya jukwaa. Nyosha mkono mbele yako, ufungue kiganja vidole vikiwa wazi kabisa. Kama kutoka kwa mkalimani hadi kwa mwigizaji ni viganja viwili au pungufu, macho yanahama bila shingo kugeuka. Zaidi ya hapo, sogeza kiti au msogeze mkalimani. Hili ndilo lingetuokoa safari ile ya kwanza. Safu ya kwanza kabisa si nzuri, unatazama juu na pembe inakuwa kubwa. Safu ya tatu hadi ya tano, upande wa mkalimani, ndiyo yetu. Zaidi ya hatua kumi na tano kutoka alipo mkalimani, mtu anaanza kukisia vidole.

Mkalimani asimame juu ya kitu kama jukwaa liko juu, ili asionekane kama mtu ndani ya shimo. Nyuma yake pawe na kitambaa cha rangi moja. Asipite mtu mbele yake, wala muuza karanga.

Taa yake iwe ya kwake, itoke mbele na juu kidogo, na isizimike jukwaa linapozimwa. Waongozaji wanapenda giza kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine. Kwao ni kupumua, kwetu ni kukatwa kauli. Tukikubaliana naye, taa ya mkalimani hubaki imefifia, na giza lake linabaki giza.

Sasa umeme. Uliza kama jenereta ipo na inachukua muda gani kuwaka, halafu usiamini jibu. Njoo na tochi mbili za kuchaji. Watu wawili wa safu ya mbele wazishike, wamulike mkalimani usoni na kifuani kutoka pembeni. Usimulike kutoka chini, utamgeuza zimwi na watoto watalia. Sisi tumewahi kumaliza robo saa nzima ya mchezo hivyo. Waigizaji waliendelea kwa sauti gizani, wanaosikia walisikiliza, na ni sisi tu ukumbi mzima tuliokuwa na kitu cha kutazama. Nakiri nilijisikia tajiri.

Dharura haipigiwi kelele mbele ya viziwi. Kubalianeni na ukumbi: taa zote zikiwashwa na kuzimwa mara tatu, tunainuka na kufuata kiongozi wa safu hadi mlango uliotajwa. Waonyeshe wanachama mlango huo kabla ya kuketi. TaSUBa wanajua moto ni nini, ukumbi wao wa zamani uliungua mwaka 2002.

Kama mna mwanachama asiyeona na asiyesikia, anahitaji mtu wake peke yake wa kumwashiria ndani ya viganja, na viti viwili vya pembeni kwenye njia, ili viwiko visimgonge mtu.

Sita, hela

Mkalimani kwanza, gari pili, viingilio tatu, soda mwisho. Hela ikipungua, punguza kutoka mwisho. Nimeona vikundi vimekodi Kosta yenye kiyoyozi kisha vikaomba mkalimani aje kwa sadaka.

Sisi huchanga shilingi 1,000 kwa wiki kwa wiki kumi na mbili, mtunza hazina akipokea kwa simu, na jina la kila aliyetoa likibandikwa. Watu 24 hufikisha 288,000. Haitoshi kila kitu, lakini ukienda kumwomba mfadhili au mwenye gari ukiwa na kiasi hicho mkononi, mazungumzo yanakuwa mengine. Muombe pia mwenye ukumbi punguzo la viingilio kwa kikundi. Na kiingilio cha wakalimani usikilipe, wao wako kazini.

Makubaliano na wakalimani yaandikwe: siku, saa, mazoezi mangapi, malipo, nauli, chakula, na nini kinatokea onyesho likiahirishwa. Mistari kumi inatosha.

Saba, tangazo

Usitume ukurasa wa maandishi kwenye kundi la WhatsApp ukadhani umetangaza. Kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandikwa ni lugha ya pili, na wengine hawasomi kabisa. Rekodi video ya dakika moja: mtu anaashiria siku, saa, mahali pa kukutana, kiasi cha hela. Fupi, maana bando linakwisha. Chini yake andika tarehe na saa kwa tarakimu. Wasio na simu janja, wapitie majumbani.

Wiki ya onyesho, kusanyikeni jioni moja mshauri kiziwi awasimulie kisa, ila asimalize. Awaonyeshe alama za majina ya wahusika, mara mbili tatu, hadi kila mtu azijue. Wapo wanaopinga, wanasema tunaharibu utamu. Kwangu mimi, mtu anayeingia akiwa anajua nani ni nani anaweza kuacha kumtazama mkalimani kwa dakika nzima na kumtazama mwigizaji machoni, bila hofu ya kupotea.

Nane, siku yenyewe

Mkutane stendi au mahali pengine penye nafasi, saa mbili kabla. Anayetoka Kiromo ataelezwa muda wa nusu saa mapema zaidi, na bado atachelewa. Dereva aambiwe mambo mawili: abiria wake hawatasikia honi wala "twende!", kwa hiyo asiondoke mpaka katibu amguse bega, na usiku taa ya ndani ya gari ibaki imewaka. Madereva hupinga hili la pili, wanasema kioo kinaakisi. Mwombe aache walau ile ya nyuma. Bila taa, watu 24 wanakaa mabubu kweli, neno tusilolipenda.

Ukumbini, fika kabla milango haijafunguliwa kwa wengine. Pangeni viti: warefu nyuma, watoto pembeni kwenye njia, wale wa alama za nyumbani na wenzao. Wakalimani wajitambulishe na waashirie majina ya wahusika kwa mara ya mwisho. Kama mwongozaji ni mtu wa watu, mwombe waigizaji wapite mbele na mavazi yao kwa dakika mbili, kila mmoja na alama ya jina lake.

Mchezo ukishaanza, wewe katibu kazi yako ni kutazama wenzako kwanza. Wakianza kuashiriana wao kwa wao kwa wingi, wamepotea. Kubaliana na mkalimani alama moja ya kumwambia apunguze kasi. Mkalimani aliye nje ya zamu aketi safu ya mbele, akikutazama.

Mwisho, piga makofi yetu: mikono juu, vidole vikitikisika. Safari iliyopita waigizaji walibaki wameduaa sekunde chache, kisha wao nao wakainua mikono.

Tisa, baada ya pazia

Omba robo saa ya mazungumzo na waigizaji kabla hawajafuta vipodozi. Hapa mkalimani anageuka kuwa sauti yetu, na hapa wanaosikia hugundua kwamba tuna maoni makali. Bibi mmoja wa Dunda alimwambia mwigizaji kijana kwamba uso wake ulikuwa unasema huruma ilhali mikono yake inasema njaa, achague. Nimesikia kijana alichagua.

Walipe wakalimani hapohapo. Usiwape hadithi ya Jumatatu.

Kesho yake, mwandikie mwongozaji mambo mawili yaliyofaa na moja la kurekebisha. Zihifadhi alama za majina na orodha ya misemo mliyoifasiri, pamoja na mchoro wa viti ukionyesha viganja vingapi. Sisi tunao wa kumbi tatu sasa, umechorwa na yule fundi cherehani kwa chaki ya kushonea.